Damu ya Wifi

Hospitalini, Morogoro
6 Machi 1955

Mume wangu Severini,

Kabla moyo haujakuruka nakuambia kwanza kwamba dada yako Anastasia ni mzima, na mtoto ni mzima, wa kiume. Sasa kaa chini usome taratibu.

Alijifungua kwake Mgeta siku ya Jumanne, na baada ya kujifungua damu haikukatika. Shemeji Andrea na vijana wa pale wakamteremsha kwa machela mpaka barabarani, wakamlaza juu ya makabichi katika lori la mboga, wakafika naye hapa mchana. Mimi nilikuwa nafagia wodi ya wazazi. Nilimpita wifi yangu bila kumtambua, midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Sista Leonarda akasema huyu haponi asipoongezwa damu ya mtu. Hapo ndipo ungewaona wanaume wa kwenu. Wote wamesikia habari za mumiani, na wote wanaamini makao yake ni hospitali. Walitoka mmoja mmoja, huyu kutafuta maji, huyu kuangalia lori. Andrea peke yake alibaki, lakini damu yake ilipopimwa haikupatana na ya mkewe, Sista akamtoa nje akae na wenzake. Basi ikapatikana nyingine. Asubuhi yake Anastasia aliomba uji, akalalamika kwamba hauna chumvi, na hapo nikajua kweli amepona.

Mwandiko wangu usiushangae, nimechoka kidogo. Nilipompakata yule mtoto nilikufikiria sana. Likizo ya Desemba uliyoniahidi usiiache ikapotea huko Tabora. Nyumba yetu ni kimya mno, Severini, na mimi nataka na sisi tupigiwe kelele usiku tukose usingizi.

Mimi mkeo,
Felista


Tabora
19 Machi 1955

Mke wangu Felista,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama katikati ya karakana ya reli, msimamizi akadhani nimepata msiba, akaniruhusu nikakae. Nikakaa nikacheka peke yangu. Mwambie Anastasia kwamba tangu utoto hajawahi kuridhika na uji wa mtu.

Lakini umeruka jambo lenyewe. Damu ni ya nani? Unajua kwetu ilivyo. Babu Kibwana alichanjana na mtu wa Kisaki, kila mmoja akatiwa chale, wakapakana damu kwenye ini la kuku wakala, basi. Tone tu. Na mpaka leo watu wale wa Kisaki ni ndugu zetu, hakuna wa kwetu aliyewahi kuoa kule wala wa kule kuoa kwetu, ingawa wasichana wao nimewaona na si haba. Sasa ikiwa tone limefanya hivyo, chupa nzima itafanya nini? Huyo aliyetoa ni ndugu wa Anastasia, na Anastasia na mimi tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo ni ndugu yangu. Mjomba Dominiko ndiye mkuu wa ukoo, lazima ataulizia. Kama ni mwanamume, nimepata kaka, nitamletea shati. Kama ni msichana, mpe pole, hawezi tena kuolewa na Severini hata siku wewe utakaponifukuza.

Niandikie jina lake upesi. Habari za likizo, wamesema pengine.

Mimi mumeo,
Severini


Morogoro
2 Aprili 1955

Shoga yangu Cecilia,

Tangu uolewe huko Dumila ukatuachia mifagio yako, sina mtu wa kumweleza neno hapa hospitali. Nakueleza wewe, na ukimaliza kusoma tia motoni.

Wifi yangu wa Mgeta aliletwa anakufa kwa kutoka damu, na damu aliyoongezwa ni yangu. Sista alipima, akaona inafaa, nikanyoosha mkono. Andrea mumewe alikuwa nje, hakuona. Na wewe usiniulize kama niliwaza mambo ya kuchanjana, maana mtu anakata roho mbele yako, utawaza ini la kuku? Nililala kitanda cha pili, nikawa natazama rangi inavyorudi kwenye midomo yake, na nikafurahi. Sijawahi kufurahi hivyo.

Juzi nimepata barua ya Severini. Anatania, lakini ndani ya utani ule kuna kamba ya kuninyonga. Kwa desturi yao mimi sasa ni dada yake. Mume wangu ni kaka yangu, Cecilia. Yeye hajui anacheka na nani. Nimemjibu kwamba damu ilikuwa ya askari polisi aliyehamishiwa Gairo siku ya pili, na jina sikulishika. Anayejua ukweli ni Sista na mimi tu, na Sista hajui mambo yetu haya wala sitamfundisha.

Jambo jingine ni kwamba kumbe damu yangu inamfaa kila mtu. Ndivyo Sista alivyosema, na tangu siku ile ameniita tena mara mbili, kwa mama wa Kolero na kwa mtoto aliyeanguka mwembeni. Watu wanakimbia, nani mwingine aitwe? Anasema damu hurudi yenyewe kama maji ya kisima. Wananipa chai ya maziwa na biskuti, halafu napumzika jioni nzima. Nikikataa nitapitaje tena karibu na kile kitanda?

Wasalimie wa nyumbani.

Shoga yako,
Felista


Dumila
30 Aprili 1955

Felista,

Askari wa Gairo! Hukupata uongo wa mbali kidogo? Mume wangu huenda Gairo kila mara kununua karanga, na askari wa pale wanajulikana hadi majina ya mbwa wao.

Nisikilize. Mwambie Severini sasa, akiwa bado anacheka. Mtu anayecheka husamehe hata mambo ambayo mjomba wake hayasamehe. Ukingoja, utamwambia siku ameshanuna, na hapo atakwenda kwa wazee kuuliza afanye nini.

La pili, huyo Sista mwambie basi. Wewe si ng'ombe wa kukamuliwa. Hata kisima cha kwetu huwa tunakiacha kitulie.

Barua nimechoma.

Cecilia


Morogoro
9 Januari 1956

Shoga yangu Cecilia,

Ulinishauri mawili na sikufanya hata moja, sasa nimeumbuka.

Severini alinyimwa likizo ya Desemba. Mimi hapa sikuacha kuitwa. Kila wanapokwama naitwa mimi, na hawamalizi mwezi bila kukwama. Nilianza kuhema nikipanda ngazi tatu za wodi. Moyo unanidunda masikioni nikilala. Ulimi unawasha, kucha zangu zimekuwa nyembamba na zimebonyea katikati, ukidondosha tone la maji linatuama. Na kuna hamu ya ajabu iliyonishika, mwenzangu. Udongo. Mvua ikinyesha nikasikia harufu ya ukuta uliolowa, mate yananijaa mdomoni mpaka naona aibu. Nilianza na kichuguu cha nyuma ya jengo la kufulia. Nilimwambia Sista, naye akaniuliza kama nimekosa siku zangu. Kweli zimekuwa za kubabaisha, lakini mume wangu yuko Tabora, nitapata mimba kwa posta?

Krismasi nilipanda Mgeta kwa wifi. Njia ile ya kwenda kanisani niliyokuwa naipanda nikiimba, safari hii niliketi kila kona, vikongwe wakanipita. Mvua ikanyesha siku ya pili. Anastasia alinikuta nyuma ya jiko lake, nimebandua kipande cha ukuta na mdomo wangu una udongo. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alinitazama mdomo, halafu akanitazama tumbo. Kwao na kwetu unajua mwanamke anayekula udongo ana nini.

Akasema, "Kaka yangu ana mwaka hajakanyaga hapa."

Nikamwambia sina mimba. Akaniuliza basi ni ugonjwa gani unaomfanya mtu mzima ale jiko la mwenzake. Nilimtazama Anastasia, Cecilia. Mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, anabeba mtoto na mzigo wa kuni pamoja. Jibu la swali lake lilikuwa limesimama mbele yangu limefunga mtoto mgongoni. Ningelisema ningekuwa msafi na nisingekuwa na mume. Nikanawa mdomo nikafunga mzigo wangu. Nilirudi na lori la kwanza.

Nifanye nini?

Felista


Mgeta
16 Januari 1956

Mdogo wangu Severini,

Anayeandika ni katekista Gabrieli, kama kawaida. Mimi nasema yeye anaandika, na tangu tuanze ameshaweka kalamu chini mara mbili akiniomba nisiseme. Nimekataa. Kwa mama yetu umenibakia wewe tu, na sitaki ucheke na watu huko Tabora wakati huku watu wanakucheka.

Mkeo alikuja Krismasi. Amekonda uso, anahema, hana rangi, chakula hataki, asubuhi kichwa kinamzunguka. Hayo ningeyameza. Lakini nilimkuta kwa macho yangu anakula udongo wa jiko langu, na si kuonja, anakula. Mimi nimezaa watoto wanne, sihitaji kuambiwa na mtu. Nilimuuliza akakana mimba, na ugonjwa hakuutaja. Akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo linanisumbua, kama mimi ndiye mwenye kosa.

Mjomba Dominiko hajui bado. Nimekuambia wewe kwanza ili uamue.

Mtoto hajambo, ameota meno.

Dada yako,
Anastasia

Nami mwandishi nakusalimu, na ninakuomba usikasirike haraka. Gabrieli.


Tabora
2 Februari 1956

Felista,

Sina mengi. Nimesikia mambo kutoka nyumbani na nimekataa kuyaamini siku nyingi, lakini sasa silali wala kazi haiendi.

Una mimba? Kama ni kweli, niambie mwenyewe kwa mkono wako, nisije kuletewa habari za nyumba yangu na lori la mboga. Kama si kweli, niambie unaumwa nini, maana mtu hali udongo bure.

Severini


Morogoro
14 Februari 1956

Mume wangu Severini,

Sina mimba. Sijawahi kulala na mwanamume mwingine, wala sijawahi kumtamani mwingine, ingawa wewe unakoroma. Hilo ndilo jibu la swali lako. Ningependa sana kuishia hapa.

Umeuliza naumwa nini. Naumwa kwa kutoa damu. Nimetoa damu yangu hapa hospitali mwaka mzima, kwa kila aliyekuja anavuja na ndugu zake wakakimbia. Hakuna aliyenilazimisha. Sista aliomba nami nikakubali, kwa sababu mara ya kwanza nilimwona mtu anarudi kutoka kaburini na sikuweza kusahau. Sasa mwili wangu umekauka. Sijui udongo una nini, ila nikiula moyo hutulia.

Na mtu yule wa kwanza, Severini, ni Anastasia. Hakukuwa na askari wa Gairo. Nilikudanganya kwa sababu ya barua yako ile ya kicheko. Uliandika kwamba mwenye damu ile ni ndugu yako. Nikawaza, huyu akijua, mimi nitakuwa nani? Nilitaka kubaki mkeo. Ndiyo dhambi yangu yote.

Sasa nimekupa kila kitu na nakuomba jambo moja. Usimwambie mtu. Mama yangu hajui, Anastasia hajui, mjomba wako ndiye asijue kabisa. Waache waniite malaya. Jina hilo naliweza, miezi ikipita na tumbo likikaa palepale watalimeza wenyewe. Lakini lile lingine likishasemwa halirudi. Nyamaza, umalize mkataba, uje. Tutapanga chumba hapa mjini na tutazaa, na watu wa Mgeta tutawaona sikukuu kwa sikukuu.

Mwandiko wangu usiushangae, safari hii unajua sababu yake.

Mimi mkeo,
Felista


Tabora
1 Machi 1956

Dada Anastasia, shikamoo.

Nimepata barua ya mke wangu, na tangu niisome nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi isipokuwa kwako. Umemwita Felista malaya. Hukulitamka neno, lakini ndilo ulilonitumia kwa stempu. Mimi nikakuamini, nikamwandikia mke wangu barua ambayo hata kuikumbuka naona haya.

Je, unajua kwa nini unaweza kusimama ukakagua tumbo la mtu? Ulipoletwa hospitali unakufa, wanaume wa Mgeta wakakimbia, Felista ndiye aliyelala kitanda cha pili akakupa damu yake. Damu unayopandia mlima ni yake. Ametoa tena kwa wengine mpaka amebaki hivyo alivyo, na alipokuja kwako hana nguvu ulimhesabia udongo wa jiko. Amenyamaza kwa ajili yangu, akakubali kutukanwa. Mimi mke wa namna hiyo sistahili, na wewe wifi wa namna hiyo hustahili.

Mwombe radhi.

Mdogo wako,
Severini

Ndugu Gabrieli, barua hii msomee dada faraghani, mkiwa wawili tu. Mjomba asisikie.


Mgeta
20 Machi 1956

Mdogo wangu Felista,

Nianze wapi? Gabrieli ameshika kalamu ananingoja.

Barua ya Severini ilifika Jumapili. Watu walikuwa wametoka misa, wamejaa kwangu, mjomba Dominiko anapukuchua mahindi mlangoni. Unajua barua kutoka mbali husomwa watu wakiwepo, ndiyo heshima ya aliyeandika. Gabrieli akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani, kutoka juu kwenda chini, na mdogo wangu yule mwenye akili za gari moshi aliandika onyo mwisho kabisa. Gabrieli alipofika pale pa kusema mjomba asisikie, mjomba alikuwa ameshaacha mahindi.

Kwanza nikupe haki yako. Nilikukosea. Nilikula uhai wako halafu nikakutukana, na nikilala naona lile jicho ulilonitazama. Nisamehe.

Lakini mjomba alisema mbele ya wote, "Huyu ametupa damu. Ni mtoto wetu. Severini hawezi kuishi na mtoto wetu." Hakusema kwa hasira, alisema kwa upole na akakushukuru. Wazee wote wakaitikia. Ameamuru kuku wawili wachinjwe ili uje ule ini pamoja nami, ukamilishwe.

Nilimlilia, hakunisikia. Ningejua ningekufa siku ile bila kuongezwa kitu.

Dada yako, ambaye nilikuwa wifi yako,
Anastasia


Morogoro
20 Aprili 1956

Mume wangu Severini,

Sijakuandikia kwa sababu ya hasira. Nilikuomba jambo moja tu. Lakini nimeona hasira hainifikishi popote, na kuna mambo yametokea unayopaswa kuyajua kutoka kwangu.

Ini sikwenda kula. Badala yake Anastasia aliteremka mwenyewe, akaingia hospitali bila hofu ya mumiani wala ya nani, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Badrudin, mgeni aliyekuja mwezi uliopita. Alinyoosha mkono akamwambia, "Nitoe damu ya huyu umrudishie, nimpe kaka yangu mke wake." Daktari alidhani hajasikia vizuri. Ikabidi mimi nieleze, mbele ya Sista, mambo yote ya chale na Kisaki na wewe.

Daktari hakucheka. Alituambia kwamba damu ya mtu aliyeongezwa haikai. Inaishi miezi mitatu, minne, kisha mwili unaitupa na kutengeneza yake. Katika Anastasia hakuna tena hata tone langu, Severini, limekwisha tangu mwaka jana. Anastasia alinikumbatia mle ndani tukaanguka karibu na meza ya dawa.

Halafu daktari akanishika kope akazigeuza, akatazama kucha na viganja, akauliza nani amekuwa akimtoa damu mtu huyu. Sista aliinamisha kichwa. Kumbe katika damu mna madini ya chuma, na kila chupa niliyotoa ilibeba chuma changu, na uji na mchicha wangu havikuweza kukirudisha upesi kama walivyokuwa wanachukua. Maji ya damu hurudi, chuma hakirudi. Ndiyo maana nilikula ukuta. Amesema angenipima mtu mapema, hata tu kwa kuninyima nafasi ya kutoa kwa miezi kadhaa, nisingefika hapa. Amenipa vidonge, amesema moyo umechoka na niache kazi za kuinama.

Tulipanda Mgeta mimi na Anastasia, safari hii juu ya lori, tumebeba maneno ya daktari kama watoto waliofaulu mtihani. Mjomba alitusikiliza mpaka mwisho. Akauliza damu ya babu Kibwana na yule wa Kisaki ilikaa mwilini siku ngapi. Tukasema hatujui, labda siku hiyo hiyo ilikauka. Akasema, "Basi. Na undugu upo mpaka leo."

Tukateremka. Wewe ungemjibu nini? Padre anasema ndoa yetu ni halali na hakuna wa kuivunja. Kwa hiyo limebaki neno lako tu. Mkataba unakwisha Desemba. Shuka Morogoro, usipande mlimani. Nitakungoja kituoni.

Mimi mkeo,
Felista


Tabora
10 Juni 1956

Dada yangu Felista,

Nimeandika neno hilo la juu nikalikata, nikachukua karatasi nyingine nikaliandika tena. Wiki nyingi nimefanya hivyo, ndiyo maana nimechelewa.

Ni mimi niliyeharibu, najua. Hakuna siku sijuti. Maneno ya daktari nayaamini. Kichwani kwangu wewe ni mke wangu na mjomba amekosea. Lakini mjomba ameniandikia kwa mkono wa Gabrieli kwamba nikikaa nawe hatakanyaga kwangu, wala ukoo hautanizika, na mtoto atakayezaliwa hatapewa jina na mtu. Hayo nayo ningeyavumilia. Lisilovumilika liko ndani yangu. Nilijaribu kukuwaza kama zamani, tukiwa chumbani, na picha ya Anastasia ikaja ikakaa mahali pako. Nimeomba, nimefunga, haiondoki. Nimelelewa hivyo, Felista. Nikikugusa nitakuwa namgusa dada yangu, hata kama si kweli.

Nimetia sahihi mkataba mwingine. Sitashuka Desemba.

Kula vizuri, umeze dawa zako. Nitakuheshimu siku zote kama ndugu wa damu.

Kaka yako,
Severini


Morogoro
24 Juni 1956

Severini,

Barua uliyomwandikia dada yako imeletwa kwangu kwa makosa. Nairudisha humu ndani, maana hapa hakuna mtu huyo.

Vidonge nameza. Vinanifunga tumbo, na choo chake ni cheusi kama makaa, lakini hamu ya udongo imeniachia. Daktari anatazama viganja vyangu anasema rangi inakuja. Moyo peke yake ndio hajauahidi kitu. Kazi ya kufagia wamenipokonya, sasa nakunja bandeji. Kutoa damu nimepigwa marufuku. Wiki iliyopita aliletwa mwanamke mwingine kutoka Kolero, hali ileile ya Anastasia, na ndugu zake wakatoka nje mmoja mmoja. Sista alinitazama, akatazama pembeni. Tulimfunika saa tisa. Sasa hata hilo sina.

Nakaa nahesabu upumbavu wangu. Ingekuwa sikukuandikia ile barua ya Februari, ningenyamaza tu nikaitwa malaya, kufikia Agosti tumbo langu lingenitolea ushahidi lenyewe bila kumtaja mtu. Miezi sita tu ya matusi. Niliona ni mingi.

Anastasia huja kila lori likija. Ananiletea kabichi na njegere, ananisuka, amemfundisha yule mtoto kuniita mama mdogo. Mjomba Dominiko ameniletea kanga na kipande cha shamba. Wananipenda wote, Severini, hawajawahi kunipenda hivi nilipokuwa mkeo, na kila wanachoniletea ni udongo juu ya kaburi. Padre anasema mimi ni mke wako mpaka kufa, kwa hiyo hakuna mwingine atakayenioa. Kwenu wanasema mimi ni dada yako, kwa hiyo hutarudi. Nina miaka ishirini na sita.

Siwezi kukulazimisha uione sura yangu mahali inapokaa ya dada yako. Hilo nimelielewa na sikulaumu sana. Lakini usinitake nisaidie kulijenga. Ukiandika tena ukaanza na neno lile, sitafungua. Kuku wao sitakula. Siku nitakapozikwa watu wa kwenu watasimama upande wa ndugu walie, na hakuna atakayesimama mahali pa mume, na mimi nitakuwa siwezi kusema. Kwa hiyo nasema leo.

Mimi mkeo,
Felista